Gogo Lililovaa Kofia Yangu

Aibu nyingine mtu huenda nayo kaburini, ikaisha. Yangu mie ilinipata msibani kwangu mwenyewe, kwa hiyo sina pa kuipeleka, na kwa kuwa watu wote wa mtaa wetu, Makorora, sasa wanaisimulia wanavyotaka, kila mmoja na chumvi yake (wapo wanaosema nilikutwa nimevaa sanda, waongo wakubwa hao), nimeona afadhali niiandike mwenyewe kwa mkono wangu huu, mkono ulioacha shule darasa la tatu na kalamu ukaizoea kwenye kuandika bei ya nyama ukutani.

Kwanza mnijue ni nani, ndipo mcheke vizuri. Mie ni Mzee Hoza, Mbondei, niliteremka kutoka Muheza juu ya lori la machungwa nikiwa sina hata kandambili, nikabeba ngozi machinjioni, nikauza utumbo kwa karai kichwani mtaa kwa mtaa, mpaka nikafungua bucha katika chumba cha mbele cha nyumba yangu mwenyewe. Sikurithi, sikupewa, sikuiba. Tulifungua mie na marehemu mke wangu, Mwajuma, na siku ya kufungua tulikuwa na shoka, kisu, mizani na gogo, basi.

Gogo lenyewe lilikuwa la mkwaju, kimo cha kiunoni, nene hata mikono yangu haikutani nikilikumbatia (na nimewahi kulikumbatia, msinicheke bado). Mwajuma ndiye aliyelichagua huko kwao, kwenye mti ulioangushwa na upepo, akaligombania na kaka zake waliotaka kuuchoma mti mzima mkaa. Kila jioni nikimaliza kukata, yeye alilimwagia maji ya moto na chumvi, akalisugua kwa brashi ya waya mpaka likawa jeupe. Shoka likalila taratibu, katikati pakafanya bonde kama bakuli. Kisha Mwajuma akafa. Binti yetu, Zaituni, yuko Dar es Salaam kwenye kiwanda cha kushona nguo, ana wanawe na mbio zake. Nikabaki mie na gogo. Nikawa nalisugua mwenyewe kila jioni, na mtu anaposugua kitu peke yake hakosi kuongea neno moja mawili, si wazimu huo, ni mdomo tu unataka kazi.

Ndipo ikaja amri. Bucha zote ziache magogo na mashoka, kila mwenye bucha awe na msumeno wa umeme, vigae ukutani, kabati la kioo na koti jeupe lisilo na damu (koti la mkata nyama lisilo na damu, hebu fikiria). Aliyeileta amri kwetu ni bibi afya wa kata, binti mdogo mwenye adabu za kuudhi, maana anakuamkia kwanza ndipo anakukaba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kununua nyama au kunifunga?"

"Nimekuja kukuelimisha, babu. Gogo lina nyufa, nyufa zinaweka uchafu, uchafu una vijidudu visivyoonekana."

"Kama havionekani wewe umevionaje?"

Akacheka, akaniachia barua, akanipa muda wa kujirekebisha, akaenda zake kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara.

Nisiwe mnafiki. Yule binti hakukosea. Shoka huvunja mfupa vibaya, na kuna mteja aliwahi kurudi bucha na jino lake kiganjani akaniuliza hili tulipime kwa kilo ngapi. Gogo nalo ukilisugua vipi lina harufu yake, jua likiwaka nzi wanaijua. Hayo nayakubali. Lakini katika mtaa wetu tulikuwa wenye bucha wengi, na amri ilipopita kama upepo, mmoja alifunga akaenda kuuza mitumba, mwingine akahamia kwenye kuku wa kisasa, na waliobaki walikopa mashine wakapandisha bei ya nyama ili walipe, basi mama aliyezoea kuchukua nusu akawa anachukua robo, wa robo akawa anaomba mifupa ya supu. Bibi afya hayo hakuandikiwa kwenye barua yake, na wala si kazi yake. Mie mashine ningeinunua, nisiseme uongo, uwezo huo nilikuwa nao. Kilichonishinda ni gogo. Barua ilisema liondolewe. Haikusema mtu alipeleke wapi.

Muda ukapita, nikajifanya sijui kusoma. Jioni moja mwenzangu wa ng'ambo, Salimu, mtu wa makamo mwenye mdomo kama redio, ambaye yeye alishanunua mashine (ikiwashwa inalia kama pikipiki iliyokasirika), akanipigia kelele watu wote wasikie:

"Mzee Hoza! Kesho bibi afya anakuja na gari la kubebea magogo! Liage kabisa hilo la kwako, liombe na radhi!"

"Gari lake likipakia gogo langu, litanipakia na mie," nikamjibu.

Maneno ya kujibu tu, nikayaona makali, nikaingia ndani nimefurahi. Lakini usingizi sikuupata vizuri, na alfajiri nikaamka na akili mbaya, ile akili inayokujia wakati huna mtu wa kukwambia wewe mzee acha upuuzi.

Nikasema gogo nalificha. Stoo haifai, wenzangu walificha stoo wakakutwa. Uani haifai, pako wazi. Uvunguni mwa kitanda mmejaa masanduku ya Mwajuma ambayo sijayafungua. Ikabaki juu ya kitanda. Hakuna mkaguzi atakayefunua shuka la mzee mgonjwa aliyelala. Nikaliviringisha gogo kutoka bucha hadi chumbani, nyonga ikilia kama mlango mbovu, nikaegemeza ubao kitandani nikalisukuma juu yake kwa bega mpaka likapanda, kitanda kikaguta lakini kikastahimili. Nikaligeuzia ukutani. Nikakunja suruali kuukuu nikaiweka chini yake iwe miguu, nikalifunika shuka jeupe. Bado likaonekana gogo. Nikatengeneza kichwa kwa taulo, nikakivalisha kofia yangu ya mkono, ile niliyoshonewa na Mwajuma, nikarudi nyuma kutazama. Wallahi nilijiona nimelala.

(Mtaniuliza kwa nini nisijilaze mwenyewe nikajifanya mgonjwa. Na gogo ningeliweka wapi? Ndiyo ujue akili ya alfajiri ilivyo.)

Nikafunga mlango wa mbele kwa komeo, kwa ndani, nikatokea mlango wa uani, ule una kitasa kinachojifunga chenyewe, nikashika njia ya nyuma hadi mtaa wa Nguvumali ambako hakuna anayenijua. Simu niliisahau chini ya mto. Dirisha la chumba linatazama kichochoro kilicho kati yangu na jirani yangu Bi Mwanaidi, nalo halina pazia tangu lilipoanguka lile alilolitundika marehemu. Hayo mawili myashike, ndiyo yaliyonimaliza.

Nguvumali nilikuta kibaraza cha kahawa, nikakaa pembeni. Nilikusudia kikombe kimoja tu. Lakini palikuwa na wazee wanabishana kuhusu bei ya saruji, na mmoja akanigeukia akasema, "Wewe mwenzetu unasemaje?" Hivi tu. Unasemaje. Nikasema, nikabisha, wakanipa kashata, nikabisha tena, na jua likapanda mie nimekaa tu kama mtu asiye na kwao. Nilisahau bibi afya, nilisahau gogo. Ilikaribia adhuhuri ndipo nikanyanyuka.

Sasa yaliyokuwa yakitokea kwangu nyuma niliyajua baadaye, ila nawapa sasa ili msipotee. Bucha yangu haijapata kukutwa imefungwa asubuhi tangu siku ya maziko ya Mwajuma. Bi Mwanaidi, mjane wa Kidigo anayekaanga mihogo barazani kwake, akaona mlango umefungwa, akagonga, kimya. Akapita kichochoroni akachungulia. Akaona mtu amejifunika gubigubi, kofia kichwani, kageukia ukuta. Akaita, "Mzee Hoza! We Mzee Hoza!" Kimya. Akanipigia simu, akaisikia ikilia palepale kitandani, chini ya kichwa changu, na mie siinuki. Halafu akaona nzi. Jamani, mie fundi wa nyama maisha yangu yote, mie ndiye niliyesahau kwamba gogo lililolowa damu na mafuta ukiliweka kwenye chumba chenye joto litawaita nzi wa mtaa mzima, na walikuja, wakatua juu ya shuka wakawa weusi tii, na shuka lenyewe lilishaanza kupata doa.

Bi Mwanaidi akapiga ukunga.

Basi nilipoukaribia mtaa wetu nikaona turubai limefungwa kati ya nyumba yangu na ya Bi Mwanaidi, viti vya plastiki vimepangwa, vingi vimeelekea baraza yake kwa kuwa ndiyo kubwa, na wanawake wanaingia uani kwake wamejitanda kanga. Barazani hapana karai la mihogo. Jiko limezimwa.

Nikamuuliza mtu aliyekuwa akishusha viti kwenye mkokoteni, "Nani amefariki?"

"Sijui, mzee wangu, mie nimeleta viti tu. Nasikia alikuwa akiishi peke yake."

Bi Mwanaidi naye anaishi peke yake.

Hapa niseme jambo. Mwajuma alipofariki, yule mama alikuwa akiniletea bakuli la mihogo ya nazi kila jioni, amelifunika kwa kawa. Siku moja nilimrudishia bakuli likiwa limejaa vilevile, nikamwambia mbele ya watu, "Sijawa ombaomba bado." Akalipokea, akasema, "Haya, baba," akaenda zake. Hakuleta tena. Tukawa tunaamkiana tu, salamu za barabarani. Mara nyingi nimelifikiria lile bakuli na sikujua mtu huanzaje kuliomba lirudi.

Nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Hakuna aliyenitambua, maana wamezoea kuniona na kofia na koti la bucha, na pale nilikuwa kichwa wazi, mvi nje, na shati langu la sikukuu. Nikatoa leso nikajifunika uso. Nikalia. Mie sikulia hivyo hata siku ya Mwajuma, siku hiyo watu walikuwa wengi na nilikuwa na kazi ya kupokea mikono ya pole. Safari hii nililia mpaka leso ikalowa, namlilia Bi Mwanaidi na bakuli lake, nikijiambia we Hoza, hata kusema samahani umechelewa.

Mbele yangu nikasikia sauti ya Salimu, akiongea na mtu taratibu, kumbe anaweza kuongea taratibu.

"Alikuwa mkorofi, Mungu amrehemu. Lakini mizani yake haikuiba hata siku moja."

"Na alijiweka mbali sana na watu," mwenzake akasema.

"Si kwa kupenda. Mie asubuhi nikifungua kwangu nilikuwa namsikia. 'Mwajuma, leo mbavu ni nzuri.' Anazungumza na lile gogo, yakhe. Jana nimemtania lile gogo litachukuliwa, akasema wakilichukua wamchukue na yeye. Nami nikacheka. Ona sasa."

Machozi yalikauka palepale. Niliyekuwa namlilia kumbe si Bi Mwanaidi. Aliyekufa ni mie.

Mtu mwenye akili angesimama akasema jamani nipo. Mie sikusimama. Nitawaambia kweli yake hata kama hainipendezi: nilitaka kusikia zaidi. Siku ngapi mtu anakaa akasikia anazungumziwa kwa sauti ya upole, na mie nilikuwa sijaisikia sauti hiyo muda mrefu. Nikasema ngoja kidogo tu. Nikasikia kwamba nilimpa fulani nyama ya harusi bila kudai (kweli), kwamba nilimfukuza fulani kwa shoka (kweli pia), kwamba mkono wangu ukikata steki unakata sawasawa kama umepimwa. Nikasikia Bi Mwanaidi analia ndani kwake, yu hai, sauti yake naijua, analia, "Niligonga taratibu, ningegonga kwa nguvu!" Nikajifunika leso zaidi.

Na hapo kumbe mlango ulikuwa bado haujabomolewa, walikuwa wanamngoja mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu siku hizi mlango wa mtu aliyekufa peke yake nao una taratibu zake. Mwenyekiti akafika. Bibi afya naye alikuwepo, alikuja na gari lake kukagua akakuta msiba. Wakasukuma mlango, komeo likang'oka, wakaingia. Mie nikasimama nusu, nikakaa, nikasimama tena.

Ndani kukatoka sauti ya mtu: "Amekakamaa kabisa!"

Kisha sauti ya bibi afya, kali: "Jamani, huyu si mtu!"

Ee bwana. Mwanamke mmoja mlangoni akapiga kelele, "Mzee kageuka gogo!" na watu wakakurupuka, viti vikaanguka, shehe mmoja mnene niliyemheshimu sana akaruka mtaro kwa mguu mmoja, mwenye viti akaanza kukusanya viti vyake, kila mtu anasoma dua anayoijua. Salimu peke yake ndiye aliyeingia ndani badala ya kutoka, na baada ya kitambo akatokea mlangoni ameshika kofia yangu kwa vidole viwili.

"Hakuna aliyegeuka," akasema. "Ni gogo la bucha. Ila limevaa kofia."

Macho yake yakapita juu ya watu, yakapita juu yangu, yakarudi. Watu wote wakageuka kufuata macho yake. Nami nimesimama peke yangu katikati ya viti vilivyopinduka, leso mkononi, macho mekundu, kamasi nazo sizitaji.

Bi Mwanaidi akatoka uani mbio, kanga imemteleza, akaja mpaka mbele yangu akanishika mkono kuuhakikisha.

"Mzee Hoza! U hai!"

"Ni hai."

"Sasa hapa unamlilia nani?"

Mtaa mzima ukangoja jibu. Bibi afya, mwenyekiti, shehe aliyerudi kutoka ng'ambo ya mtaro. Ningesema kweli. Ilikuwepo pale ulimini.

"Nalilia gogo langu," nikasema.

Walicheka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, Salimu akaegemea mlango wangu uliovunjika akawa anapiga mapaja, nami nikasimama pale kama ng'ombe aliyekwisha kupigwa muhuri. Ila Bi Mwanaidi hakucheka. Wala bibi afya, yeye akanijia akasema kwa sauti ndogo, "Babu, mie nilidhani barua yangu ndiyo imekuua." Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yule binti anapogawa zile barua anarudi nyumbani nazo kichwani.

Lakini kazi ni kazi, akajifuta macho akasema gogo litoke. Vijana wakalishika, likawashinda uzito, mmoja akasema si jeneza lipo hapo nje limeshaletwa, lipakieni. Mwadhini akawa mkali: "Jeneza la msikiti si mkokoteni!" Basi likaviringishwa, likatoka kwa mlango wa mbele liliopitia kuingia miaka hiyo na Mwajuma amelishika upande wa pili, likasimamishwa barabarani juani, na bonde lake katikati.

Wanawake walishachangishana mchele, Salimu alishaleta nyama ya msiba kutoka kwake, kuni zilikuwa hazijafika. Kila mtu akaniangalia na hakuna aliyethubutu kusema. Nikasema mie. "Leteni shoka." Nikalipiga la kwanza mwenyewe, shoka likarudi kama nimepiga chuma, mkwaju si mchezo, wakacheka tena kidogo. Salimu akalipokea shoka mkononi mwangu bila neno la utani, akapasua gogo. Liliwaka vizuri kuliko kuni zote nilizopata kuona, mafuta ya miaka yote yalikuwa ndani yake, moshi ukanukia nyama hata kabla sufuria halijabandikwa. Nikala pilau ya msiba wangu, nyama imekatwa kwa mashine, vipande vyote sawasawa, hakuna chenga za mfupa. Ilikuwa tamu. Bibi afya naye alikula, akaomba ukoko.

Sasa lililobaki ndilo zito. Asubuhi ile Bi Mwanaidi alikuwa ameshampigia Zaituni, kwamba baba yako hatunaye. Na Zaituni, ambaye sikukuu zilikuwa zinapita akisema mwakani inshallah, alikuwa ameshapanda basi. Niliposikia hivyo nikasema kimoyomoyo, basi aibu imelipa. Nikaomba sahani nzuri, nikampakulia kwa mkono wangu, nikachagua nyama zilizo laini, nikaifunika, nikaiweka dirishani mbali na nzi. Bi Mwanaidi akampigia tena kumpa habari njema, akaongea naye, akacheka naye, kisha akanipa simu na uso wake umebadilika.

"Baba," Zaituni akasema, analia na kucheka, "umenitia kiwewe! Alhamdulillahi. Nilikuwa nimeshafika Chalinze."

"Njoo mwanangu, chakula kipo, kingi."

Nikasikia wapiga debe wanaita magari ya Morogoro nyuma yake.

"Baba, ruhusa niliyopewa ni ya msiba. Sheria ya kazi inatoa siku za kufiwa na mzazi. Wakijua hukufa nikakaa huko, wataniandika mtoro. Nimeshashuka, narudi, niwahi zamu ya kesho. Utanisamehe?"

Mie ni mtu niliyegombana na serikali nzima kwa ajili ya gogo. Kwa mwanangu sikuwa na ugomvi wa kufanya. Sheria imemtengea mtu siku za kunizika. Za kuja kunitazama nikiwa mzima, haikumtengea.

"Rudi," nikamwambia. "Kazi usiichezee. Mie sina neno."

Nikamrudishia Bi Mwanaidi simu. Watu wakaniuliza anafika saa ngapi. Nikasema, "Anawasalimia nyote." Kabla ya magharibi mwenye viti akapakia viti vyake, turubai likashushwa, kila mtu akaenda kwake na kicheko chake, na mtaa ukawa mpana ghafla. Ile sahani niliila mwenyewe, imepoa. Chumbani shuka lilikuwa bado na alama ya gogo, limebonyea kama mtu ametoka sasa hivi.

Bucha sijaifungua tena. Ndoano zinaning'inia tupu, naipita asubuhi kwenda kufungua mlango wa mbele (komeo jipya alilitia Salimu, akakataa shukrani). Ameniambia niende kwake nikasimame upande wa kisu, nikachague minofu ya wateja, kwa kuwa mashine haijui steki. Bado sijamjibu. Namwacha aniombe kidogo.

Nimejiapiza mambo mawili tu. Kofia yangu haitavaliwa na kitu kingine zaidi ya kichwa changu. Na sitatoka tena kwa mlango wa uani, nikitoka natoka barabarani nionekane, nimwambie mtu naenda wapi, hata kama hakuniuliza.

Bi Mwanaidi tangu siku ile, kila asubuhi kabla hajabandika karai, anapita kichochoroni, anagonga dirisha. Pazia bado sijaweka. Anasema, "Mzee Hoza, upo?" Nami najibu, "Nipo," naye anaenda kwenye mihogo yake. Hajui nilimlilia nani, na bakuli bado sijaliomba.

Ila siku nyingine nimeshaamka zamani, nimekaa kitandani nimevaa kofia, nasikia ndara zake zinakuja, anagonga, anaita, nami nanyamaza kidogo. Nangoja agonge mara ya pili, kwa nguvu.